Marando ya Bibi na Fukusi Mwenye Shingo Nyembamba

Mwanangu Dafroza,

Sikuulizi hali, maana nakusikia hapo nyuma ya ukuta ukicheka na shangazi zako. Mimi nimekimbilia stoo ya mahindi. Nimekaa juu ya debe lililopinduliwa, karatasi iko gotini, na jua la alasiri linapenya kwenye nyufa za ukuta kiasi cha kuniwezesha kuona ninachoandika. Ningependa tuzungumze uso kwa uso, lakini tangu jana kila nikikaribia mlango wa chumba chako, shangazi yako Skolastika ananitimua kama mbuzi aliyeona unga. "Baba wa bibi harusi anatafuta nini huku?" Namtafuta mtoto wangu, nitafute nini kingine! Basi nimekata shauri niandike barua. Utaisoma kesho ndani ya basi la Kibondo, ukishamaliza kulia.

Sitakuandikia habari za kupika, wala namna ya kupiga goti mbele ya wakwe. Hayo umefundishwa wiki nzima, na kwa jinsi shangazi zako wanavyopaza sauti, hata mimi nimehitimu. Nakuandikia habari za ule mzigo wa marando ya viazi ambao bibi yako ameufunga kwa majani ya mgomba na kuusimamisha kando ya mlango kama askari. Mzigo ule una fukusi. Sisemi huenda unao, nasema unao. Ukiupanda kule unakokwenda, utakuwa bibi harusi aliyewapelekea wakwe zake njaa, na wewe ndiye utakayenyooshewa kidole maisha yako yote, wala si bibi yako.

Kule ni kijiji kipya. Mzee Filipo, baba mkwe wako, alinieleza kwa mdomo wake kwamba pale palikuwa pori tupu, wakafyeka, wakapanda viazi, na viazi vyao hukaa ardhini kiangazi kizima. Wanachimba vya kula siku ile, vingine vinangoja. Ghala lao ni udongo wenyewe. Na sisi tuliishi hivyo hivyo zamani kule Titye, wewe ukiwa mdogo, kabla huyu mdudu hajatufikia. Sasa niambie, hapa kijijini nani anathubutu kuacha kiazi ardhini mvua zikikatika? Udongo ukipasuka tu, fukusi anateremka kwenye ufa kama mwenye nyumba. Na kiazi alichokitoboa upande mmoja kinakuwa kichungu upande wa pili pia, ukikipika nyumba nzima inanuka, hata mbuzi anakinusa na kwenda zake. Watu wa kule hawamjui mdudu huyu. Nataka waendelee kutomjua.

Desturi ya ukoo wa bibi yako unaijua. Msichana akiolewa, bibi yake anakata marando kwenye matuta yake mwenyewe, na lazima yawe na kipande cha shina la zamani, lile gumu lenye mizizi. Bibi harusi anayapanda kwa mkono wake nyuma ya nyumba kabla hajawasha moto wa kwanza. Anayekwenda na ncha changa tupu, wanasema ameondoka kama aliyefukuzwa kwao. Sawa! Mimi sina ugomvi na desturi. Ugomvi wangu ni kwamba fukusi jike, katika mmea mzima, naye analitaka shina hilo hilo. Analitafuta pale chini linapogusana na udongo, anachimba kitundu kwa mdomo wake, anaweka yai moja, halafu anaziba tundu kwa kinyesi chake ili mtu asijue. Ukikata ncha changa, ni nadra kumpata. Ukichukua shina, umemchukua yeye na watoto wake. Yaani fukusi angeulizwa atunge desturi ya harusi, angetunga hii hii.

Na kwa nguvu zake mwenyewe asingefika Kibondo hata angekesha njiani. Mabawa anayo, yamekunjwa chini ya yale magamba magumu ya mgongoni, lakini kuruka kwake ni kwa taabu, na muda mwingi anatembea tu. Sisi ndio magari yake. Tulipohamishiwa hapa kijijini, bibi yako alishuka kutoka Titye na marando yake kichwani, mashina na mizizi yote, na mimi, bwana shamba mzima mwenye cheti, nikayapokea na kuyapandisha kwenye lori kwa mikono yangu. Sikutaka kugombana naye siku ile, watu wote wakiwa wanalia kwa ajili ya nyumba zao. Hiyo si siri, kijiji kizima kiliniona.

Unajua sana ninayemzungumzia. Ulikuwa unapanda kwenye stuli pale dirishani, lenzi yangu jichoni, ulimi nje, huku mimi nawamwaga kutoka kwenye kichupa. Wote walijifanya wamekufa, wamekunja miguu, hawatikisiki, na wewe ukawa unawahurumia kila mara, mpaka mmoja anaanza kutembea na wewe unapiga ukelele. Nilikukataza kusema "mdudu" tu. Nilikwambia mdudu si jina. Watu hapa huita fukusi kila kinachotoboa chakula, kuanzia mahindi hadi maharage, halafu wananijia ofisini wakitaka dawa moja ya wote. Nimechoka kueleza! Yule wa maharage si fukusi hata kidogo, hana huo mdomo mrefu. Wa mahindi ni fukusi kweli, ana mdomo, ana papasi, zile pembe mbili nyembamba za kupapasia, na papasi zake zimepinda katikati kama kiwiko cha mkono. Lakini wetu huyu wa viazi ni jenasi nyingine, inaitwa Cylas, na papasi zake zimenyooka, hazina kiwiko. Mwili wake ni mwembamba, laini, unang'aa kama uliopakwa mafuta. Kifua kimebanwa nyuma kikawa kama shingo, halafu tumbo limevimba kama yai, hata mtu akipita haraka anasema huyo ni sisimizi.

Wewe ndiye uliyenionyesha dume na jike kabla sijakufundisha. Mimi nilikuwa bado natafuta ukurasa, wewe ukasema, "Baba, huyu ana fimbo, huyu ana rungu." Kweli kabisa. Kipingili cha mwisho cha papasi ya dume ni kirefu na kimenyooka kama fimbo, cha jike ni kifupi, kimenenepa. Na ukagundua kwamba hapa kwetu wapo wa namna mbili, mweusi mkubwa kidogo mwenye vinukta kifuani, na mdogo wa rangi ya kahawia. Ni spishi mbili za jenasi moja. Kitabu kinataja na wa tatu, mwenye kifua na miguu myekundu, lakini huyo sijamwona huku milimani na siombi kumwona.

Hata hao wenye vitabu nao wananichosha. Kitabu kimoja kinamweka kwenye ukoo mkubwa wa fukusi wote. Kingine kinamtoa, kinasema kwa papasi zile zilizonyooka huyu si wa huku, apelekwe kwa ukoo mwingine. Wanamhamisha tu, na yeye anaendelea kula viazi vyangu. Zamani lilikuwa jambo la kunichekesha. Wiki hii nimelifikiria sana, kwa sababu na wewe kesho unahama ukoo, na sijaona ni nini kwako kitakachobadilika isipokuwa wa kukuita jioni ule chakula.

Sasa nikueleze mambo ya siku ile ya wakwe, maana najua umesikia upande wa shangazi zako tu. Mzee Filipo na ndugu zake walikuwa wamekaa vizuri, mirija iko kwenye kibuyu cha pombe ya ndizi, msemaji wao anazungumza kwa mapozi, watu wanaitikia. Kila kitu kinakwenda. Bibi yako akasimama akatangaza kwamba mjukuu wake hatatoka mikono mitupu, atakwenda na marando yenye shina. Mwanangu, roho iliniruka. Ningeweza kunyamaza. Ningeweza kungoja wageni waondoke. Mimi nikatoka mbio hadi shambani, nikarudi na kiazi cha bibi yako, nikakipasua katikati ya wazee. Harufu ikajaa baraza. Yale mahandaki meusi, wale funza weupe wasio na miguu, kichwa cha kahawia, wanajikunja mbele ya mirija ya wakwe! Nikaanza somo. Nikaeleza yai, nikaeleza papasi. Nilikuwa nimefika kwenye shingo ya mdudu ndipo nikatambua kwamba hakuna anayekunywa.

Mmoja wao akauliza kwa upole, "Kwani bwana, mnatupa binti au mnatupa ugonjwa?"

Bibi yako akajifunika kanga kichwani, akatoka. Ilibidi shangazi yako Skolastika apige magoti na kucheka na kumwaga utani mpaka mambo yakatulia. Mimi nilikuwa na haki katika kila neno nililosema, na kwa haki yangu hiyo nusura nivunje ndoa yako. Tangu siku hiyo bibi yako hasemi nami. Anaongea na kuku. "Kuku, mwambie mwenye nyumba chakula kiko mezani." Nami najibu kuku, mtu mzima mimi!

Nimejaribu kila njia wiki hii. Nilimletea marando masafi kutoka shamba la mfano, ncha tupu za kijani, akayatupia mbuzi. Nikamwambia nitakata mashina yake juu tu ya pale penye ugonjwa, akaulalia mzigo usiku kucha. Nikamleta katekista aseme naye, katekista akaondoka na kikapu cha mayai, hakusema kitu. Shida yangu, mwanangu, ni moja na nimeijua nikiwa na mvi. Katika kazi yangu yote nimedhani kwamba mtu asiponisikia hajaelewa, kwa hiyo narudia, na nikirudia napaza sauti. Nimepaza sauti kijiji cha Kitanga, nimepaza cha Munanila, nimepaza hapa nyumbani. Mama yako, Mungu amrehemu, aliniambia mara nyingi, "Wamekusikia, baba Dafroza. Hawajakukubali tu." Nilifikiri anatetea watu wavivu.

Usije ukawa kama mimi kwa mume wako. Anselmi ni kijana mpole, mtu wa namna hiyo ukimpigia kelele ananyamaza, na wewe utadhani amekubali. Kumbe ameondoka, mwili tu ndio umebaki pale kitini.

Turudi kwenye mzigo. Nilitaka kukuomba uutupe dirishani basi likishapita mto Malagarasi. Kisha nikafikiri, utafika mikono mitupu na mama mkwe amekaa anangoja marando. Nikafikiri nikwambie uyapande mbele yao wakiona, halafu ukiwa peke yako uyang'oe uyachome, upande mengine. Hilo ningeweza kuliandika. Lakini nimeshika kalamu muda mrefu na haliandikiki. Itakuwa mimi baba yako ndiye niliyekufundisha kuwadanganya watu wa nyumba yako siku ya kwanza, na kumdanganya bibi aliyekulea tangu mama yako alipotutoka. Nakuomba basi

*

Niliacha hapo kwa sababu bibi yako aliingia stoo. Sasa jua limeshuka na nimehamia nje, nakaa karibu na moto wa pombe. Vumilia mwandiko.

Alisimama mlangoni, akaangalia karatasi. "Unaandika nini?"

Alikuwa anasema na mimi. Nikatazama nyuma kama kuna kuku.

"Barua."

"Ya kumwambia mtoto atupe marando yangu."

Hajui kusoma, lakini mimi ananisoma tangu sijaota meno.

Nikajitahidi, Dafroza. Nakuapia nilijitahidi. Nikasema polepole, "Mawe," maana nikitaka kumlainisha namwita mama kwa Kiha, "hebu nieleze. Lile shina linafanya kazi gani hasa?"

"Linauambia udongo wa kule kwamba mtoto huyu ana kwao."

"Na hizi ncha changa haziwezi kuuambia?"

"Hizo zinajua nini? Hazijaona hata njaa moja. Shina langu lilitoka kwa mama yangu. Limeona njaa, limeona nzige, limepanda lori. Mtoto hana mama. Atakwenda ugenini na vijani vilivyochipua juzi?"

"Mawe, shina lina wadudu!"

"Na mimi nina chawa wangu na mafua yangu. Utanichoma?"

Basi! Hapo uvumilivu uliniisha. Nikasimama, debe likaanguka, nikapiga ukelele ambao nadhani na wewe uliusikia, kwa sababu huko ndani kicheko kilikatika. "Kama ni hivyo nenda wewe ukauambie udongo! Njaa zote umeziona, lori umepanda! Nenda wewe, uache shina!"

Nikangoja laana. Nilistahili laana, kumpigia mama yangu kelele siku moja kabla ya safari ya mjukuu wake. Yeye akauliza, "Gari la Kibondo linaondoka saa ngapi?"

"Mawe, nilikuwa na hasira."

"Najua ulikuwa na hasira. Nimekuuliza saa ngapi."

"Saa kumi na mbili asubuhi."

Akaketi chini, pale pale kwenye vumbi la mahindi. Akaufungua mzigo mwenyewe, akanyoosha mkono nimpe kisu. Alikata rando moja moja, ncha akaziweka kushoto kwenye jani bichi, mashina akayarusha kuelekea miguuni pangu. Sikumwambia akate wapi. Nilitaka kumwambia, aliposhusha kisu chini mno mara mbili tatu, nikajiuma ulimi, na akajirekebisha mwenyewe. Alipomaliza akasema, "Haya, chukua watoto wako."

Nilipasua shina moja. Fukusi mweusi akaanguka sakafuni, akakunja miguu, akajifanya maiti. Bibi yako akainama. Miaka yote hii nina lenzi ndani ya nyumba, na hajawahi kuitaka. Leo akaitaka. Akaiweka mbali mno na jicho, kisha karibu mno, nikamshika kiganja nikamwelekeza.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye."

"Mbona mdogo hivi?" Halafu akauliza, "Dume au jike?"

Nikamwambia atazame ncha ya papasi, kama ni fimbo au rungu. Akatazama sana. "Fimbo," akasema. "Dume. Ndiyo maana amelala." Akanirudishia lenzi, akaenda kutafuta mkeka wake.

Mashina nimeyatia kwenye moto huu wa pombe, ndio ninaousogelea sasa. Yanatoa povu na kunuka vibaya. Sijui kama nimelitupa jambo ambalo lilikuwa halinihusu kulitupa. Fukusi amekufa, hilo nalijua. Hayo mengine sina kitabu chake.

Kwa hiyo, mwanangu, sahau nilichotaka kukuomba hapo juu. Mzigo utakaobeba kesho ni msafi, nimeukagua ncha kwa ncha. Uupande mahali pasipo na mabaki ya viazi vya zamani, na viazi vikianza kunenepa upandishie udongo kwenye tuta, nyufa zisiachwe wazi. Hiyo ndiyo dawa kubwa niliyo nayo, na haihitaji bwana shamba. Ukimwona huyu mwenye shingo hata mmoja, usingoje barua yangu, ng'oa mmea mzima.

Na bibi yako anakuja nawe. Shangazi yako Skolastika ameshangaa, amesema haijawahi kuonekana bibi harusi akaingia kwa mume na bibi yake mgongoni. Bibi yako amemjibu kwamba sasa itaonekana. Mzee Filipo nitamwandikia karatasi nyingine, fupi, bila wadudu. Wewe mweleze mume wako mapema, tena kwa sauti ya chini, kwamba bibi ameifuata desturi, ila ameifuata kwa miguu yake.

Nilimwuliza atarudi lini. Akasema marando yakishashika. Nikamwambia, Mawe, mvua hizi zikiendelea marando hushika kwa siku chache tu. Akaendelea kufunga mkeka. "Ya kwangu huchelewa," akasema.

Nikaelewa. Mimi ndiye niliyemwambia aende, na mbele ya mashahidi, kwa sauti ambayo mpaka jirani wanaijua. Nilichotaka ni kuwaokoa watu wa Kibondo na mdudu, na nimewaokoa. Kesho nitawasindikiza wote wawili mpaka stendi ya Kasulu, kisha nitarudi nyumbani, na humo ndani hakutakuwa na mtu wa kunikasirisha. Nina uchungu, Dafroza. Nauandika hapa kwa sababu kesho asubuhi nitakuwa nahangaika na mizigo, nitamfokea kondakta, na wewe utafikiri nimekasirika.

Mpe kiti cha dirishani, hajawahi kupanda basi. Nilitaka kumwambia asiende. Nimemfuata mara mbili mlangoni kwake kumwambia, na mara zote mbili nimeshindwa kulisema bila kupiga kelele.

Mimi baba yako.